Kundi la Sauti Kubwa

2 Machi

Dada Kigoda,

Usishtuke kupata barua. Najua siku hizi mtu akiona bahasha anadhani kuna msiba. Hajafa mtu. Naandika kwa sababu kioo cha simu kinaniumiza macho tangu nitoke upasuaji, na kuongea kwenye simu nako kunanichosha kichwa. Kwa hiyo nivumilie na mwandiko wangu, ambao wewe mwenyewe ulisema ni wa kuku aliyekanyaga wino.

Niko salama. Mshono umeanzia juu ya sikio la kushoto unapanda mpaka utosini, na mke wangu anasema nikivaa kofia bado naweza kuposa. Nimemwambia asinijaribu.

Habari ya kinyozi umeisikia? Yule mwanafunzi wangu kinyozi, ambaye amefeli mtihani wa udereva mara tatu, ndiye aliyekuwa kwenye usukani siku nilipoanguka. Tulikuwa tunaingia kwenye mzunguko wa barabara, nafungua mdomo nimwambie apunguze mwendo, kumbe mwenzio nimeshaondoka. Nilipozinduka gari limeegeshwa kando, taa za tahadhari zinawaka, breki ya mkono imevutwa, na kinyozi amenishika kichwa kama mteja. Muda wote ule namfundisha kuegesha hajawahi kuegesha hivyo. Nimewaambia walimu wenzangu kumbe tatizo lilikuwa mimi.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Daktari wa upasuaji amesema uvimbe ni saratani. Ameutoa mwingi, lakini si wote, maana umejipenyeza kwenye ubongo wenyewe kama maji kwenye mkate. Aliniuliza kama nakubali kipande kipelekwe kwenye utafiti. Nikakubali, nikamuuliza kinakwenda wapi. Aliponitajia maabara nilicheka mpaka mshono ukauma. Nikamwambia, daktari, hapo ndipo alipo dada yangu. Amenilea, amenipiga kwa mwiko, na sasa mnampelekea na ubongo?

Basi nieleze. Miaka yote hii unasema uko maabara na mimi najibu hongera, hata sijui unafanya nini. Hicho kipande mnakifanyia nini hasa? Nieleze kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, asiyejua klachi ni ipi.

Mdogo wako,
Kelele


6 Machi

Kelele, mdogo wangu,

Barua yako niliichukua kwenye ofisi ya mabasi nikaisomea pale pale kaunta. Nilicheka habari ya kinyozi, halafu nikakaa kwenye benchi la abiria nikalia, mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimeachwa na basi. Punguza utani. Moyo wangu si chuma.

Umetaka kuelezwa, haya. Kila chembe ya mwili wako ina kitabu cha maagizo. Ya ngozi, ya ini, ya ubongo, zote zina kitabu kile kile. Maagizo hayo ndiyo jeni. Lakini hakuna chembe inayosoma kitabu chote. Ni kama wanafunzi wako: wote wamenunua kitabu kimoja cha sheria za barabarani, lakini huyu anasoma ukurasa wa kuegesha, yule wa taa, na mwingine hajakifungua tangu anunue. Sasa kwenye uvimbe kuna kurasa ambazo zilitakiwa kusomwa kwa kunong'ona, zikawa zinasomwa kwa kupiga kelele. (Najua utakachosema. Nyamaza.)

Kazi yetu ni kupima hizo sauti. Kipande kinakuja kwenye barafu, kidogo kama punje ya mchele. Nakisaga, natoa nakala za kurasa zinazosomwa, mashine inaniambia kila ukurasa una nakala nyingi kiasi gani. Baada ya hapo wagonjwa wanafuatiliwa. Tuna mwenzetu ambaye kazi yake ni kupiga simu majumbani na kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Tunawagawa wagonjwa makundi mawili, wale ambao jeni fulani ina sauti kubwa na wale ambao ina sauti ndogo, tunaangalia kundi lipi linaishi zaidi. Kwenye jeni hii tunayoishughulikia sasa, kundi la sauti ndogo ndilo linaloishi zaidi. Ni mambo ya makundi hayo, si ya mtu mmoja.

Na usiniulize wewe uko kundi gani. Vipande vinakuja na namba, havina majina, na utaratibu haumruhusu mfanyakazi kutafuta mtu wake. Hata ningetaka nisingejua.

Kitu cha kukuhangaisha sasa ni mionzi ya kuchoma uvimbe uliobaki. Hukuniambia unaanza lini. Niambie. Na ule, hata kama chakula hakipandi.

Kigoda


16 Machi

Dada,

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Umeeleza vizuri, ungekuwa mwalimu wa udereva wangefaulu wote. Na ndiyo, nimecheka peke yangu: jeni yenye makelele, ikatafuta kichwa cha kukaa, ikakipata cha Kelele.

Lakini umesahau kwamba kazi yangu ni kukaa pembeni ya waongo. Mwanafunzi akiniambia nimeangalia kioo, mimi najua hajaangalia. Wewe umeandika "hata ningetaka nisingejua." Haya. Hospitali yetu hii ina daktari mmoja tu wa kupasua kichwa. Nimemuuliza: mwezi alionipasua amewapelekea vipande vingapi? Kimoja. Sasa Dada, boksi likifika kutoka huku lina kichupa kimoja, wewe na akili zako zote utashindwa kujua ni cha nani?

Sikulaumu. Nataka kujua tu, na nikueleze kwa nini.

Mionzi inaanza tarehe 20. Ni kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili, wiki kwa wiki, na hospitali yenye mashine iko upande wa pili wa mji. Nimeenda kupimwa kinyago cha kichwa, nikawaona wenzangu kwenye benchi la kungojea. Wamelala midomo wazi kama mizigo iliyoshushwa kwenye lori. Nikiingia humo sitakuwa na nguvu ya kitu kingine. Na mimi nina kitu kingine. Unajua sina zaidi ya lile gari la shule ya udereva lenye breki mbili, na jina langu kwa wanafunzi. Nataka mke wangu ajifunze kuendesha, apate leseni, baadaye alishike gari na kazi nisipokuwepo. Unamjua wifi yako, akiona usukani anaanza kuomba dua. Anahitaji mtu mvumilivu, na mtu huyo ni mimi, na sharti awe mimi mwenye kichwa hiki hiki nilichonacho leo.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Nikiwa kundi zuri, naenda mionzi, kuendesha kutasubiri. Nikiwa kundi baya, mionzi ya nini? Nibaki na mke wangu nimfundishe. Hapo ndipo nilipokwama, silali, nawaza mchana kutwa.

Najua huruhusiwi kusema. Basi usiseme. Niandikie barua ya kawaida, niulize habari za kofia. Ila mwishoni, nikiwa kundi la sauti ndogo, tia sahihi "Kigoda", jina nililokupa enzi zile unapanda kigoda ufikie sufuria. Nikiwa kundi la sauti kubwa, andika "Dada yako", kama unavyofanya ukiwa na jambo zito. Hutakuwa umesema kitu. Hata malaika wako hatakuandika.

Naitoa kwa basi la asubuhi, jioni utakuwa nayo. Nijibu haraka, nakuomba.

Kelele


17 Machi

Mdogo wangu,

Naandika mbiombio, mwenzangu wa kazini anasafiri kuja huko mchana huu na ataipitisha kwako mwenyewe.

Leo sina utani. Wiki hii kazini nimeona mambo ambayo sikutaka kuyaona na sitaki kuyazungumzia. Na juu ya hayo napata ujumbe kwa mkeo kwamba ulianguka bafuni, ukamkataza asiniambie. Hivi mimi kwako ni nani? Mpangaji? Mtu aliyekubeba mgongoni anafichwa kwamba umeanguka?

Nenda kwenye mionzi. Meza dawa za kuzuia kuanguka hata kama tumbo linazikataa. Usifunge mlango wa bafuni. Na kaeni chini, wewe na mkeo, mzungumze yale mambo ambayo mke na mume wanapaswa kuyazungumza mapema.

Nakupenda. Huwa sisemi hivyo, najua.

Dada yako


24 Machi

Wifi,

Salamu baadaye. Ulimwandikia nini mume wangu?

Barua yako aliletewa mkononi. Aliisoma amesimama mlangoni, na niliona macho yake yamekwenda moja kwa moja chini kabisa ya karatasi kabla hajasoma juu. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni, akanitazama kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Akasema, "Sawa." Basi. Nikauliza dada anasemaje, akanishika shavu.

Tarehe 20 aliamka mapema akavaa vizuri. Nikajua tunakwenda mionzi, nikabeba chupa ya maji na kanga ya kumfunika. Tukaingia kwenye gari la shule na yule mwalimu mwenzake, tukaenda kule kwenye uwanja nyuma ya maghala wanakofundishia. Akanipa ufunguo. Mwenzake akakaa pembeni kwenye breki ya pili, yeye akakaa nyuma. Tangu siku hiyo kila asubuhi ni uwanjani. Gari linanizimikia, natoka jasho, nalia, ananipa kitambaa, tunaanza upya. Nikimuuliza mionzi anajibu, "Dada ameshaniambia." Umemwambia nini, wifi? Wa hospitali wamepiga simu, wanasema nafasi yake kwenye mashine wanaishika mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo wanampa mgonjwa mwingine.

Mimi gari silitaki. Namtaka yeye.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, niseme lote. Si macho yanayomfanya akatae simu. Maneno yanamkimbia. Anataka chumvi anasema gia. Anataka shati anasema ile, ile, ya mlango. Juzi alinitazama muda mrefu akitafuta jina langu, akalikosa, akaniita "wewe," akatoka nje. Kwenye barua anapata nafasi ya kutafuta, anafuta, anaandika upya, ukurasa mmoja unamla kutwa nzima. Jumapili ulipopiga akashika simu akanyamaza kisha akanirudishia, najua uliumia. Hakukasirika. Alikuwa anatafuta neno la kuanzia. Amenikataza nisikuambie. Anasema, "Ataona aibu, yeye ndiye aliyeniita Kelele."

Sikulala nikifikiria kama nikuandikie. Sasa unajua. Mrudishe kwenye mionzi, ulichokifunga kifungue mwenyewe.

Wifi yako


25 Machi

Kelele, mdogo wangu,

Keti. Mwite mkeo akae karibu, na barua hii isomeni wote wawili.

Barua yako ya tarehe 16 sikuipata siku ile. Nilikuwa nashinda maabara mpaka jioni, ofisi ya mabasi inafungwa kabla sijatoka, na ikakaa kaunta wiki nzima na zaidi. Nimeichukua leo pamoja na ya mkeo. Nimezisoma zote mbili kwenye benchi lile lile, na safari hii sikuweza hata kulia. Nilipoandika "Dada yako" sikujua kabisa kuhusu mpango wako. Nilikuwa na hasira za bafuni. Ndivyo nilivyo nikikasirika, na wewe unajua, ndiyo maana ukaichagua alama hiyo.

Ningeweza kuishia hapa. Ungesema kumbe ilikuwa bahati mbaya, basi niko kundi zuri, ungevaa kofia yako ukaenda mionzi. Nimetamani sana kuishia hapa. Nimeshika kalamu nikaiweka, nikaishika tena. Lakini wewe unakaa pembeni ya waongo, siku moja ungeninusa, na usingeniamini tena kwa lolote.

Boksi lenu lilikuja na kichupa kimoja. Nilijua. Nilitakiwa kumpa mwenzangu akishughulikie, nikashindwa, sikutaka mkono mwingine ukiguse. Nikakisaga mwenyewe. Majibu yalitoka kabla tu sijakuandikia ile barua ya hasira. Uko kundi la sauti kubwa. Nimesema sasa. Nisamehe, mdogo wangu.

Asubuhi hii nimemweleza Profesa, mkuu wa maabara yetu, nilichofanya. Ameniondoa kwenye kazi ile, na ana haki. Sijali. Ninachojali ni kwamba wewe umesoma nusu ya mstari ukafunga kitabu, na nusu hiyo umesomeshwa na mimi. Sasa sikia yote.

Kuna mchoro. Mistari miwili inaanza pamoja juu upande wa kushoto, inashuka kwenda kulia kwa vidato kama ngazi. Kila kidato ni mtu aliyefariki. Mstari wa kundi lako unashuka haraka kuliko mwingine. Hilo ni kweli na silipunguzi. Lakini hayo makundi hayakuletwa na Mungu. Tuliwapanga wagonjwa wote kwa sauti, kutoka ndogo mpaka kubwa, tukakata katikati kama mtu anavyokata mkate. Wewe umeangukia juu kidogo tu ya pale tulipokata. Wangeongezeka wagonjwa wachache wenye sauti kubwa kuliko yako, ungekuwa upande wa pili, na kichwa ni kile kile.

Halafu mstari wa kundi lako hauishii chini. Kule mwisho kabisa, kulia, kuna vijistari vidogo vya wima. Kijistari ni mtu ambaye mara ya mwisho tulipopiga simu alikuwa hai. Hatujui zaidi ya hapo, tunaweka kijistari tunaendelea kumngoja. Mmoja wa hao alimwambia mwenzetu asimpigie tena asubuhi, anamchelewesha kazini. Ni wachache, sikudanganyi. Lakini wapo, na wako kwenye kundi lako.

Sasa njoo kwenye jambo kubwa kuliko yote. Kelele, kila mtu aliye kwenye mchoro ule alipata mionzi. Wa sauti kubwa, wa sauti ndogo, wote. Hatukumchukua ambaye hakupata. Mimi sina mstari wa watu waliokataa, na madaktari wanaowajua hao hawapendi kunieleza walivyoishia. Wewe umetazama watu waliokwenda mionzi, ukaona wanashuka, ukaamua kutokwenda. Ni sawa na mwanafunzi anayesikia kuna waliokufa ajalini wamefunga mkanda, naye akafungua wake. Ungemfanya nini mwanafunzi huyo? Ungemshusha kwenye gari.

Siwezi kukuahidi kupona. Ugonjwa huu ni mbaya, na naogopa. Naogopa nikiwa kazini, naogopa nikiwa nachemsha chai. Lakini kama ni kuogopa, niogope ukiwa kwenye mashine.

Mkeo ameniambia kuhusu maneno. Usimgombeze. Ukimgombeza itabidi uombe radhi, na hayo nayo ni maneno ya kutafuta. Na umekosea kuhusu jina lako. Sikukuita Kelele kwa ajili ya kusema. Ulikuwa bado hujui kusema. Ulikuwa mtoto wa kulia, ulilia mchana, ulilia alfajiri, nyumba nzima ilikuchoka. Ikawa ukinyamaza tu mimi naamka, nakuja kitandani nakutingisha nione kama uko hai, unaanza kulia tena na mama ananipiga. Hilo ndilo jina lako. Sihitaji useme neno hata moja. Nikipiga, pumua tu kwenye simu, nitasikia.

Nafasi yako inakwisha mwisho wa mwezi. Nenda.

Dada yako,
Kigoda

(Nimetia yote mawili, na hayana maana yoyote ila kwamba ni mimi.)


30 Machi

Kelele,

Kesho ndio mwisho wa mwezi na sijapata kitu. Yule dada wa kaunta ya mabasi akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijauliza. Nampigia mkeo asubuhi hapokei. Napiga tena, hapokei. Mmekasirika? Mna haki ya kukasirika. Umeanguka? Uko wapi?

Tumeni hata karatasi tupu, nijue kuna mkono ulioikunja.

Kigoda


4 Aprili

Dada Kigoda,

Hii naiandika tangu juzi. Neno likinikimbia naacha nafasi, jaza mwenyewe, wewe ndiye msomi.

Nilikasirika. Nataka ujue. Si kwa sababu ya kundi. Nilikasirika kwamba ulibeba jambo hilo peke yako halafu ukaniuliza habari za bafuni. Nikakaa na hasira, mke wangu akaisoma barua yako mara ya pili, akaiweka mezani, akasema, "Kwa hiyo mimi ndio mkanda uliofunguliwa?" Sikuelewa. Akasema, "Umeacha dawa kwa ajili yangu bila kuniuliza. Siku ukiondoka nitaliendeshaje gari ambalo ndilo lililokuondoa?" Alilia, nami nikalia. Sijui nani alianza.

Basi tukaenda hospitali. Yule nesi wa mashine akanisema kama mtoto, akanirudisha kwenye orodha. Naanza kuzoea. Unalazwa chali, unavishwa kile ____ cha plastiki usoni, kinabana kama kiatu cha ndugu mdogo, mashine inanguruma kidogo, wanakuambia umemaliza. Nikirudi nalala kama mzigo wa lori. Nywele za upande wa kushoto zinatoka. Kinyozi amekuja kunipunguza zilizobaki, na amekataa nimlipe. Amefaulu mtihani, mwambie kila mtu.

Sasa sikia upumbavu wangu. Nilidhani ni moja kati ya mawili, mionzi au kumfundisha mke wangu. Kumbe njia ya kwenda kwenye mashine ni ndefu, ina taa, ina mlima, ina mizunguko miwili, na tunaipita kila siku kwenda na kurudi. Ni njia gani nyingine ya kujifunzia ningeitaka? Anaendesha yeye. Mwalimu mwenzangu amekaa pembeni kwenye breki ya pili. Mimi nimelala nusu kwenye kiti cha nyuma, nafundisha kwa mkono. Nikimgonga begani mara moja, breki. Nikimgonga mara mbili, endelea. Nikimpiga kofi la mgongo, Mungu wangu, utatuua. Kwenda huwa nagonga sana, kurudi huwa nimelala, naye anasema kurudi ndiko anakoendesha vizuri. Na ndiyo maana hakupokea simu zako za asubuhi. Nimemkataza kushika simu akiwa kwenye usukani. Samahani kwa kukutia hofu, sheria ni sheria.

Siku ya kwanza tulifika kwenye ule mzunguko nilioanguka. Gari likamzimikia katikati. Nyuma magari yanapiga honi, kuna mtu anatukana mama zetu wote, na yeye ameganda, mikono juu ya usukani kama ya mtu aliyekamatwa. Nikamgonga mara mbili. Hasikii. Nikagonga tena. Nikafungua mdomo bila kutafuta chochote, nikamwita jina lake. Lilitoka lenyewe, Dada. Lote. Akawasha gari tukaondoka, machozi yanamtoka anaendesha. Baada ya hapo sikupata neno lingine mpaka tumefika nyumbani, na sikulitaka.

Naogopa mimi pia. Asubuhi nikiamka najijaribu kwanza: kikombe, dirisha, mto. Mengine yapo, mengine hayapo. Siku nitakapokosa yote nitabaki na mkono. Njoo kabla ya hapo. Ukija usilete matunda ya wagonjwa, lete ____, ile ya kuvaa kichwani. Ya rangi kali.

Na nina ujumbe kwa mwenzenu anayepiga simu majumbani. Mwambie asipige asubuhi, tunakuwa barabarani, mwanafunzi wangu atachanganyikiwa. Apige mchana. Mke wangu atapokea kisha atanipa mimi. Nisipoweza kusema, nitagonga simu kwa kidole mara mbili. Mwambie asikate kwa kudhani hakuna mtu. Ni mimi, niko hapo, na akisikia hiyo mara mbili, aweke kijistari changu.

Kelele